Trim: mji wa Ireland wenye visa vya ndoa kuliko maua

Ukisema unakwenda Ireland na mwenzi wako, ushauri utakaopewa ni uleule: Temple Bar, mtaa wa baa wa Dublin, usiku, miamba mirefu ya Moher kando ya bahari mchana, picha, basi, rudini. Temple Bar ni kelele na bei za kukutoa jasho. Moher kuzuri, sibishi, ila upepo wa kule hamtasikizana, na kila jiwe lina mtu kasimama anapigwa picha.

Mimi na Baba Zuhura tunaishi Dublin, na wanandoa wakitujia wageni nawaambia waende Trim, kaunti ya Meath, kilomita kama 45 kutoka jijini. Treni haifiki, ila mabasi yapo na safari ni kama saa moja hivi. Mji ni mdogo, mto Boyne unapita katikati, na magofu ya miaka mia nane unayazunguka kwa miguu. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Watu wawili wakishinda pamoja kutwa wanahitaji cha kuzungumza, na Trim imejaa habari za waume na wake wa zamani, nyingi zikiwa chungu kidogo. Mtacheka, mtabishana, mtajikuta mnaongea mambo ambayo nyumbani hamyagusi.

Anzeni na ngome, maana ndiyo inayowapokea mkishuka kwenye basi. Mwaka 1172 mfalme Henry wa Pili wa Uingereza alimpa Meath nzima bwana mmoja Mnormani (wale wapiganaji wenye asili ya Ufaransa), Hugh de Lacy. Huyu akajenga boma la miti hapa kando ya mto. Haikupita miaka mingi, Rory O'Connor, mfalme wa Connacht, magharibi mwa Ireland, akaja na jeshi, na boma likateketea kwa moto. De Lacy akaanza upya, safari hii kwa mawe. Kisha, miaka michache baadaye, akamwoa Rose, binti wa Rory yuleyule! Ndiyo, akawa mkwe wa mtu aliyekuja kumvunjia nyumba. Henry kusikia hivyo akaingiwa na wasiwasi kwamba jamaa anataka kujifanya mfalme wa Ireland, na ndoa hiyo isiyo na ruhusa ikamgharimu cheo kwa muda.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1186 de Lacy aliuawa kwa shoka huko Durrow alipokuwa akikagua ujenzi wa ngome nyingine. Mwili ukaja kuzikwa abasia ya Bective, nyumba ya watawa jirani na Trim. Kichwa kikapelekwa abasia ya Mtakatifu Thomas, Dublin, kwenye kaburi la marehemu mke wake wa kwanza, naye pia akiitwa Rose. Watawa wa pande mbili wakagombea maiti hadi mwaka 1205, hukumu ilipotoka kwamba mwili wote uende Dublin. Baba Zuhura alipoisikia hiyo alisema, "Bi mkubwa kashinda kesi akiwa kaburini." Nikamwuliza anacheka nini.

Mnara mkuu wa ngome una umbo la msalaba na pembe 20, kitu ambacho huoni mara nyingi kwenye ngome za Wanormani. Ndani mnaingia na mwongozaji tu, kwa makundi, kwa hiyo mkifika chukueni kwanza nafasi ya ziara kabla ya kuanza kuzurura uani. Ngazi ni za mzunguko, nyembamba, za mawe yaliyolika. Viatu vya visigino viacheni hotelini. Juu kabisa mnauona mji wote, mto, na vichwa vya minara mtakayoitembelea baadaye. Mmoja wenu akiwa mwoga wa vimo, abaki chini bila aibu, uwanja wa ngome peke yake unatosha. Watu wa pale watawaambia kwamba filamu moja kubwa ya Hollywood ya miaka ya 1990, ile ya vita vya Waskoti, ilipigwa hapa. Watawaambia hata msipouliza.

Kutoka ngomeni kuna daraja la waenda kwa miguu linalowavusha hadi kwenye Yellow Steeple, mnara wa kengele uliobaki wa abasia ya Mtakatifu Maria. Una urefu wa karibu mita 40, na upande mmoja umemeguka kabisa, mnauona kwa ndani kama kabati lisilo na mlango. Uendeeni jioni. Jua la jioni likiupiga, mawe hugeuka manjano, na hapo ndipo jina lilipotoka.

Hapo jirani ipo Talbot's Castle, ambayo ni nyumba ya mtu, kwa hiyo mtaiangalia kwa nje tu. Zamani palikuwa shule, na humo alilelewa kwa ami yake mvulana William Rowan Hamilton, aliyekuja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ireland. Huyu nawatajia kwa sababu ya mkewe. Tarehe 16 Oktoba 1843 walikuwa wanatembea pamoja kando ya mfereji wa Royal Canal kule Dublin, na bwana badala ya kumsikiliza mwenzake akili ilikuwa kwenye hesabu iliyokuwa ikimsumbua. Jibu likamjia palepale, akatoa kisu akalichonga kwenye jiwe la daraja. Wanahisabati duniani wanaisherehekea siku ile. Mimi namfikiria yule mama aliyesimama darajani akisubiri mume amalize kuchonga.

Mnara wa Duke wa Wellington uko juu ya mtaa, nguzo ndefu na sanamu kileleni, ya mwaka 1817. Dakika tano zinatosha. Ila mkiwa pale mjue kwamba huyu mshindi wa vita vya Waterloo dhidi ya Napoleon, aliyewahi kuwa mbunge wa Trim, alimposa Kitty Pakenham wakati hana kitu na ndugu wa binti wakamkatalia. Akaenda India, akarudi na vyeo, akamwoa mwaka 1806 baada ya zaidi ya miaka kumi. Ndoa yenyewe haikuwa ya raha. Mimi na mwenzangu tulibishana njia nzima nani alaumiwe. Yeye alisema kaka zake Kitty, mimi nikasema Wellington mwenyewe, kwa nini umwoe mtu kwa ajili ya kumaliza deni la ujanani?

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo wengi hawafiki kwa sababu basi la watalii halisimami. Kutoka Yellow Steeple kuna njia ya miguu inayopita kwenye malisho yanayoitwa Porch Fields, ng'ombe wanakula, mto upande wa kulia. Tembeeni taratibu, ndani ya nusu saa au kidogo zaidi mko Newtown. Hapo pamelala magofu ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililoanzishwa mwaka 1206 na askofu Simon de Rochfort. Ukuta huku, dirisha tupu kule, nyasi kila mahali. Kando yake kuna kanisa dogo lisilo na paa, na ndani yake kaburi la mawe la Sir Lucas Dillon, jaji mkubwa wa karne ya 16, na mkewe Jane Bathe.

Wamechongwa wamelala chali, ukubwa wa mtu, mikono kifuani, kola zile za marinda shingoni. Mvua ya karne nne imewalainisha nyuso. Hawagusani. Katikati yao umelazwa upanga. Upanga kwenye kaburi la muungwana wa enzi zile si ajabu, lakini watu wa Trim wana maelezo yao: mama alitoka nje ya ndoa, bwana hakusamehe, basi hata kifoni wametengwa. Ndiyo maana kaburi linaitwa la Mume na Mke Wenye Wivu. Inamieni mtazame ule uwazi baina yao na mtaona pini, nyingi, nyingine mpya zinang'aa, nyingine zimekuwa kutu tupu. Mwenye chunjua huigusisha pini, akaiacha hapo kaburini, na inavyoliwa na kutu ndivyo chunjua inavyokwisha. Dawa ya kienyeji ya Wazungu. Baba Zuhura, mtu wa Singida ambaye kwa waganga haambiwi kitu, aliniangalia tu. Pini za watu msizichukue. Mwenyeji mmoja alituonya kwamba anayeokota pini anaokota na chunjua.

Ng'ambo ya mto, kwenye barabara ya kwenda Dublin, kuna Echo Gate, geti la kawaida la shambani. Simameni hapo mtazame magofu, mpige kelele. Sauti inakwenda, inagonga kuta za kanisa, inarudi safi kabisa. Tulijaribu majina, tukajaribu kuimba. Kisha mwenzangu akapaza "Hodi!" na Ireland ikamjibu "Hodi!" Akakasirika kabisa: "Hawa hawajui kukaribisha?"

Chakula. Baa za mji mdogo wa Ireland ni mahali pa kula mchana, hata watoto wamo, hakuna atakayewashangaa mkiagiza chai. Kwa Waislamu wenzangu: samaki na chipsi, na supu ya mboga na mkate wa soda, ule wa kahawia usiotiwa hamira, mzito na mtamu kwa siagi. Ulizeni supu imepikwa kwa mchuzi wa nini, maana mara nyingi ni wa kuku asiye halali. Hawakasiriki ukiuliza.

Nendeni kati ya Mei na Septemba. Mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, mnaanza na ngome mchana na mnaufikia Yellow Steeple bado kweupe. Desemba saa kumi jioni giza linaanza kuingia, na siku za kufunguliwa ngome hupungua, kwa hiyo angalieni kwanza tovuti ya Heritage Ireland. Mwavuli usibebe, upepo utaugeuza. Koti la mvua lenye kofia ndilo lenyewe.

Wenye gari walale usiku mmoja, kesho yake wapite Bective, ambako de Lacy alizikwa bila kichwa. Bure, hakuna geti, mara nyingi hakuna mtu. Kilima cha Tara cha wafalme wa kale kipo mbele kidogo, nacho bure, ila matope yake hayana adabu. Newgrange, kaburi la zaidi ya miaka 5,000, msiichomeke siku moja na Trim. Inataka siku yake, na tiketi zake nunueni mtandaoni mapema, kiangazi huisha.

Na mnaotoka nyumbani au mnaoishi Ulaya kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania: viza ya Schengen haiingizi Ireland, na viza ya Uingereza nayo haitoshi. Ireland ina yake. Ombeni kabla hamjalipia hoteli.