Asiyekohoa pia hupaliwa

Juma lililopita, katika wadi yetu hapa Kisumu, nilimtazama mmoja wenu, wauguzi vijana, akipima kama mzee anaweza kumeza. Akamwambia afungue kinywa. Akamgusa nyuma ya koo kwa kijiti, mzee akataka kutapika, na kijana akaandika kwenye faili: "Anameza vizuri." Kisha akaagiza uji. Niliuzuia ule uji mlangoni.

Wadogo zangu, kutaka kutapika ni jambo moja, kumeza ni jingine. Wako wazee wenye afya ambao hata ukiwagusa koo mpaka kesho hawashtuki, na wanakula ugali kwa omena bila shida. Wako na wenye kiharusi wanaoshtuka ukiwagusa tu, ilhali kila funda la chai linawaingia mapafuni. Nimewaambia hili kila kundi linalokuja, na nitaendelea kulisema. Basi mpimeni hivi.

1. Anza na mate. Mzee akishaketi wima, weka kidole cha shahada chini ya kidevu, cha kati kwenye kile kimfupa kilicho juu ya kikoromeo, na viwili vya mwisho kwenye kikoromeo chenyewe. Mwambie, "Baba, meza mate mara nyingi uwezavyo," na uhesabu kwa sekunde 30. Kinywa kikiwa kikavu, kiloweshe kwanza. Kikoromeo kikipanda nusu kikarudi, usihesabu. Akishindwa kufikisha mara 3, simama hapo hapo.

2. Maji si ya kwanza. GUSS, kipimo cha kumeza cha wagonjwa wa kiharusi kilichotoka Austria mwaka 2007, huanza na mate, kisha kitu kizito kama uji mzito, ndipo maji, halafu kigumu. Mpangilio huo una sababu: maji hukimbia, na koo la mzee huchelewa kufunga njia ya hewa. Mnarukia kipimo cha kumnywesha mgonjwa mililita 90 za maji mfululizo kwa sababu ni haraka. Ni kipimo kizuri, ila ni cha aliye macho, aliyeketi, na aliyekwisha kumeza vijiko vidogo bila tatizo.

3. Sikiliza sauti. Hapa naomba mtulie.

Mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali nyingine, nilipewa mvuvi wa miaka sabini na kitu, siku ya tatu baada ya kiharusi. Nilimpa maji kwa kijiko, vijiko vitano. Hakukohoa. Nikampa kikombe. Hakukohoa. Oksimita kidoleni, kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu, ilisoma asilimia 96, ikabaki 96, nami nikaridhika. Binti yake alikuwa amesimama kando ya kitanda, leso mkononi. Akaniuliza, "Sista, mbona sauti ya baba imekuwa kama inatoka ndani ya mtungi wa maji?" Nikamjibu ni makohozi ya kulala sana. Nilimjibu bila kugeuka, kwa kuwa nilikuwa naandika. Na nilichoandika ni hiki: hakuna dalili, apewe chakula cha kawaida.

Binti akamlisha uji siku mbili, asubuhi na jioni, kijiko kwa kijiko, akimpangusa midomo, kwa sababu mimi nilimwambia ni salama. Usiku wa pili joto likapanda. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia, upande wa kulia, chini. Siku ya sita tukampoteza. Binti alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumruhusu baba yake ale.

Mzee alikuwa akipaliwa kimya. Kiharusi kilikuwa kimelitia koo ganzi, na koo lisilohisi halina sababu ya kukohoa. Yule binti ndiye aliyekuwa amempima, tena kwa usahihi, nami nikakifuta kipimo chake. Tangu siku hiyo mgonjwa wangu husema "aaa" kabla ya kumeza na baada ya kumeza, nami hungoja dakika nzima. Sauti ikiwa na maji, hajafaulu, hata kama hakukohoa. Na oksimita? Ikishuka, simama. Isiposhuka, haijakuthibitishia chochote.

4. Stetoskopu iwekwe pembeni ya kikoromeo. Baada ya kumeza, mara nyingi mtu hutoa pumzi. Ukisikia anaivuta, au ukisikia mbubujiko, omba koo litazamwe kwa kamera ya puani au kwa eksrei huku akimeza bariamu. Usiandike ugonjwa kwa kusikia peke yake.

5. Waulize wazee wanakula nini. EAT-10, dodoso la shida za kumeza, ina maswali 10, na alama 3 kwenda juu si kawaida, lakini mzee wa huku hatakuambia, "Napaliwa." Mama mmoja alitujia kwa kukonda. Nilipomuuliza kuhusu samaki akasema, "Samaki nimewaachia watoto." Mandazi je? Anachovya kwenye chai mpaka yalainike. Mkaza mwanawe ndiye aliyetoboa kwamba siku hizi mama hula peke yake jikoni, saa nzima, mlango umefungwa, asionekane akihangaika na tonge. Faili lake lilisema tu: hana hamu ya chakula.

6. Mpige mgonjwa mswaki, na meno ya bandia yasuguliwe, kila siku. Mate yenye uchafu yakishuka mapafuni huleta nimonia upesi zaidi.

Kesho nitakuwa wadi ya wanaume saa moja asubuhi, kabla uji haujagawiwa. Njooni mkiwa na saa zenye mkono wa sekunde, na kucha ziwe fupi. Kitanda cha kwanza dirishani kuna mzee ambaye mkewe anasema sauti yake imebadilika tangu juzi. Tutaanza na huyo mama.