Tairi la nyuma halimalizi miezi minne

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha boda hapa Tororo, nina Boxer. Tairi la nyuma halimalizi miezi minne, na tyubu inachanika kila mara pale pale, kwenye shina la valvu. Wenzangu wa steji wamenishauri nipunguze upepo, eti nikipakia abiria na gunia la mkaa juani, tairi litapasuka kwa joto. Nimepunguza, lakini pancha ndiyo kwanza zimezidi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Urudishe huo upepo leo, kabla hujapakia mtu mwingine. Ushauri wa steji umekupeleka kinyume kabisa. Joto linaloua tairi huanzia kwenye upepo mdogo: ubavu wa tairi unakunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu linapozunguka, nyuzi za ndani zinasuguana, na mpira unachemka. Ukiongeza gunia la mkaa juu yake, ndipo mambo yanaharibika.

Hiyo tyubu yako naijua bila kuiona. Chuchumaa kando ya gurudumu la nyuma uitazame valvu. Inatakiwa isimame wima kuelekea ekseli. Naamini yako imelala upande. Tairi lenye upepo mdogo linateleza kwenye rimu kidogo kidogo, hasa unapokanyaga breki, na linaivuta tyubu. Shina la valvu haliwezi kufuata kwa sababu limeshikwa na tundu la rimu, basi linachanika. Ile nati ndogo ya valvu usiikaze mpaka kwenye rimu. Iache juu karibu na kifuniko, ili valvu ikianza kulala uione mapema. Na siku ukifungua tairi, pitisha kiganja ndani. Ukitoka na unga mweusi kama masizi, huo ni mpira uliojisaga wenyewe kwa kutembea bila upepo wa kutosha.

Sasa vipimo. Kwa Boxer ya kawaida, mbele tia paundi 25. Nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Wewe kazi yako ni abiria kutwa nzima, kwa hiyo asubuhi anza na 32. Pima kabla hujawasha pikipiki, tairi likiwa baridi. Mchana geji ikikuonyesha zimeongezeka tatu au nne, usizitoe. Ni joto la safari, na jioni zitashuka zenyewe. Wanaotoa upepo mchana ndio wanaoamka na tairi legevu. Lakini usipitilize ukajaza 40 ili "lisichoke". Litalika katikati tu, na kwenye lami yenye mvua litateleza.

Kubonyeza kwa kidole gumba acheni, nawaomba nyote mnaosoma. Mdogo wangu alibonyeza hivyo asubuhi moja, akaridhika, akaanguka kwenye kona ya njia ya Mbale, akavunjika mfupa wa bega. Tulipopima tairi la mbele lilikuwa na 14. Nunueni geji ile iliyo kama kalamu, hata kama ni watu watano wa steji mnachangia moja.

Upepo ukipungua kila wiki bila pancha, tia mate kwenye mdomo wa valvu. Yakitoa povu, badilisha kijiti cha ndani, na usitembee bila kifuniko, maana vumbi letu ndilo linalokiharibu.

Unaponunua tairi jipya, tafuta ubavuni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa dukani juani miaka sita umeshakauka, hata kama vinundu vyake vinang'aa. Ukishalifunga, hakikisha alama za kukazia cheni ziko sawa pande zote mbili, la sivyo litalika upande mmoja.

Kesho asubuhi pima mbele na nyuma kabla hujagusa pampu, kisha niandikie namba ulizozikuta.