Barua kwa mwanangu: Watazame wale tisa

Dodoma, Jumapili jioni

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Unauliza usaini msimu mmoja tena na goti hilo hilo, au urudi nyumbani ushike nafasi ya kocha msaidizi wa timu ya kikapu ya wasichana. Nami nakuuliza: ukikaa benchi, macho yako huwa wapi? Kati ya kumi walio uwanjani, mpira anao mtu mmoja. Kocha hutazama tisa waliobaki. Nimekuimbia hilo tangu ukidunda mpira namba 5 pale uani, na leo nalirudia.

Umemtaja Becky Hammon, yule mchezaji wa Marekani. Mwaka 1999 hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, ile siku timu zinapochagua wachezaji wapya, ya WNBA, ligi ya wanawake ya huko, akaanzia New York Liberty, na 2007 akahamia San Antonio. Julai 2013 kano ya goti ikakatika. Wengi husimulia siku alipoajiriwa na Spurs, timu ya wanaume ya mji huo huo, kuwa kocha msaidizi, Agosti 2014. Mimi nakaa na ile miezi ya katikati. Akiuguza goti, alihudhuria mazoezi na vikao vya makocha wa Spurs, akisikiliza na kuuliza. Kisha akarudi uwanjani, akacheza msimu wa 2014, ndipo akastaafu. Alipopewa kufundisha timu ya wanawake ya Las Vegas Aces mwaka 2022, alitwaa ubingwa msimu wake wa kwanza, akaurudia 2023. Goti ndilo lililomkalisha mahali pa kuwaona wale tisa.

Sasa nafika pale mama yako aliponiomba nisifike: ile fainali. 58 kwa 57. Nakala ya fomu ya waamuzi wa mezani bado iko kabatini, chini ya vyeti vyenu.

Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinampa kocha taimauti, yaani kusimamisha mchezo kidogo aongee na timu, mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili. Lakini saa ikifika dakika 2:00 za mwisho wa robo ya nne, huruhusiwi kutumia zaidi ya mbili. Kama hujagusa hata moja ya nusu ya pili, mezani wanachora mistari miwili kwenye kisanduku cha kwanza, na hiyo imekufa. Kocha wenu alikuwa hajagusa hata moja, akiamini anaweka akiba. Akachukua ya kwanza zikibaki dakika 1:40, nyingine zikibaki sekunde 50. Zikibaki sekunde 11 wenzenu wakafunga, mkawa nyuma kwa pointi moja. Akakimbilia mezani kudai ya tatu, akaonyeshwa ile mistari.

Wewe ulikuwa nyuma ya mstari wa mwisho, mpira mkononi, umechanganyikiwa, unachora herufi T kwa viganja. Mchezaji haruhusiwi kuomba taimauti. Ni kocha au msaidizi wake wa kwanza tu. Na laiti ingekuwepo, mngeruhusiwa kuuingiza mpira upande wa mbele, mita 8 na ushee kutoka mstari wa mwisho wa wapinzani. Badala yake ulikuwa na sekunde 5 za kuuingiza na uwanja mzima mbele yako, na upepo wetu wa Julai unavuma. Ukarusha pasi ndefu. Ikanyakuliwa.

Watu walikulaumu wewe, na hilo bado linaniuma. Kosa lilikuwa la kuhesabu, na kuhesabu ni kazi ya msaidizi. Taimauti zilizobaki, faulo za timu (kuanzia ya tano kwenye robo, mpinzani anatupa mitupo huru miwili), nani ana faulo nne na akiongeza moja anatoka, mshale wa umiliki, ule unaoonyesha timu itakayopewa mpira ukigombaniwa, unaelekea wapi: hayo yote kocha mkuu akiwa anapiga kelele hawezi kuyashika. Siku ile msaidizi alikuwepo. Alikuwa anatazama mpira.

Kwa hiyo nikisikia “nafasi ya msaidizi tu”, kama ulivyoandika, sikubaliani na hilo “tu”.

Lakini ngoja, nijipinge. Magic Johnson aliona uwanja kuliko karibu watu wote waliowahi kuushika mpira huu, na mwaka 1994 aliifundisha timu yake ya zamani, Lakers, mechi 16, akashinda 5, akapoteza 11. Kuona ukiwa ndani ni jambo moja, kumfanya mwingine aone ni jingine. Halafu namkumbuka Jason Kidd: Juni 2013 alistaafu kucheza, mwezi huo huo akapewa kufundisha timu ya Brooklyn Nets. Alianza kwa ushindi 10 na vipigo 21, ningesema nimeshinda hoja. Akamaliza 44 kwa 38. Basi sijui nikushike mkono upi.

Fanya hivi kwanza. Mechi zilizobaki utakaa benchi kwa ajili ya goti. Chukua daftari. Kila timu yako inaposhambulia, andika saa ya 24, ile inayohesabu sekunde za kila shambulizi, ilisomaje mpira ulipotupwa, pasi ngapi zilitangulia, na nani alikuwa huru bila kupewa. Safu hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Ukiiacha tupu, macho yako bado yako kwenye mpira.

Na ukija kwa wasichana wetu, anza na kutua kabla ya kutupa. Zege halisamehe. Watue kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, yakielekea vidole vya miguu, yasiangukie ndani. Dakika 12 kila siku, hata wakinung'unika. Hakuna aliyekufundisha hivyo mapema, hata mimi.

Neno moja liko kwenye ncha ya kalamu, na mama yako ananitazama nisiliandike. Sawa, siliandiki. Nipigie picha kurasa za mechi mbili za kwanza, nizione kabla hujasaini chochote.

Baba yako