Kabla hujashika sululu, soma hii

Juzi dogo mmoja wa Musoma kanitumia meseji ndefu kweli, anasema wamejikusanya washikaji, baiskeli za mlimani wanazo, kilima wamekiona, wanataka kuchonga njia kwa kujitolea, sasa anaomba nimfundishe njia inachongwaje. Nikacheka mwenyewe. Dogo, njia ndo kitu rahisi. Kazi ni watu.

Sisi tulianzia kwenye vilima vya Luchelele, na nasema bila aibu ile njia ya kwanza niliipita mimi na panga langu, wakati huo wenzangu wako kwenye grupu la WhatsApp wanachagua rangi ya tisheti. Mwanza mnaijua, mawe kila kona, kwahiyo vikwazo hatukuwa na haja ya kujenga, Mungu alishamaliza, sisi ni kupenyeza njia katikati yake tu. Msaragambo ulikuwa Jumamosi asubuhi, majembe, sululu, machepe na toroli moja tulilochangishana. Mwanzoni watu walijaa mpaka zana hazitoshi. Baadae wakapungua, hiyo ipo kila kikundi, tusipoteze muda hapo.

Ugomvi ulianzia kwenye jiwe. Kuna jiwe la kushukia linanifika kiunoni, ukilirukia vizuri unajisikia mtu. Nusu ya kikundi wanasema libaki, nusu wanasema wanakuja na wadogo zao na wake zao, hawawezi kuvunjana mikono kwa ajili ya ushujaa wa watu wachache. Mimi nilisema libaki, na hata leo ukiniamsha usingizini nitasema libaki. Tukabishana kwenye grupu mpaka usiku wa manane, mtu anatuma voice note ya dakika nne, mwingine anamjibu kwa ya dakika sita, nani anasikiliza yote hayo? Jumamosi tunafika, tunakuta jiwe limefukiwa kifusi, limekuwa mteremko laini wa kupitisha hata mkokoteni, watu wamekuja Ijumaa jioni kimya kimya na toroli letu wenyewe. Na kati ya waliofanya hivyo kuna wawili sijawahi kuwaona na jembe mkononi siku ya kazi. Hicho ndo kiliniuma. Jiwe lenyewe lipo tu chini ya kifusi, haliendi popote.

Kwahiyo cha kwanza dogo, anayechimba ndo aamue. Asiyekuja msaragambo akaribie kuendesha, tena tunampenda, lakini njia asiiguse. Na maamuzi yafanyike pale pale mlimani mmesimama mnaangalia, sio kwenye simu. Mara nyingi mkishafika pale mnakuta kuna nafasi ya kupitisha njia mbili, moja ya wanaojiweza juu ya jiwe, nyingine inazunguka pembeni kwa wanaojifunza, kila mtu anarudi nyumbani mzima.

Basi masika ikaja. Udongo wa juu kule ni luseni, mchanga mtupu, ukiumwaga bila kushindilia unasubiri mvua tu. Kifusi chote kikateremka na njia mpaka kwenye mihogo ya bibi mmoja pale chini. Bibi hakutukana mtu. Alikuja na mwenyekiti wa mtaa, akakaa kwenye jiwe, akauliza, "Wajukuu zangu, huo mchezo wenu chakula chake ni mihogo yangu?" Wote kimya, wa jiwe na wa kifusi.

Siku hiyo ndo tulianza kuongea tena, maana kumtengenezea bibi hakuna aliyekataa. Tukafuata kanuni za IMBA, chama cha njia za baiskeli za mlimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988, wanasema mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe, na wastani wake usivuke asilimia 10, maana yake mita 10 za kushuka kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Yani kilima kikiwa na asilimia 16, njia yako isipite 8. Ukingo wa upande wa bondeni uwe chini kidogo, na kila baada ya umbali fulani njia ipande kidogo kabla ya kushuka tena, maji yatoke pembeni yasipate mbio. Njia inayoshuka wima masika moja tu inageuka mfereji, utakuja kuniambia.

Halafu hela. Aisee hela. Kuna mtu mwema alitoa mchango wa zana na tisheti, tisheti tuliziona, tena nzuri, zana mpaka leo nazisikia tu. Hela isikae kwenye simu ya mtu mmoja hata awe mchungaji. Watu wawili washike, na kila mwezi risiti ziwekwe kwenye grupu. Ruhusa ya mwenye shamba ichukueni kwa maandishi, mwenyekiti wa mtaa awepo, na mkikua nendeni kwa afisa michezo wa wilaya mjisajili. Najua mnaona ni urasimu, nyie endeleeni kuona hivyo.

Mwisho wa siku tuligawanyika, na siwezi kusema ni vibaya. Sisi Wasukuma tuna Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya ngoma, wameshindana vizazi na vizazi, kila upande na dawa zake, na ushindani huo ndo umefanya ngoma zisife. Wenzetu wamechukua kipande cha chini, sisi cha juu, na tangu tugawane njia zote mbili ni safi kuliko zamani maana hakuna anayetaka kuchekwa. Mifereji ya pale kwa bibi tunazibua pamoja kabla ya vuli na kabla ya masika, hiyo haina kundi. Vijana acheni kulazimisha umoja wa kwenye grupu, watu wakikaa mbali kidogo wanaheshimiana.

Toroli liko kwao. Wanasema wataleta.