Maswali yenu kuhusu Route 66, barabara iliyofutwa ikarudi kwa vibao

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu kwamba Route 66, ile barabara ya Marekani inayotoka Chicago mpaka Santa Monica, California, inatimiza miaka 100 mwaka 2026, na kwamba kwenye makaratasi ilishafutwa zamani ila majimbo yakairudisha kwa kuitangaza barabara ya kihistoria. Sikutegemea maswali yote haya jamani. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha, na yule aliyeuliza bei ya kukodi pikipiki ya Harley awaulize wenye Harley.

Mkuu ukisema imefutwa una maana walichimba lami? (Mwanza)

Hapana, lami ipo palepale, kilichofutwa ni namba. Watu wengi wanadhani barabara zile za Marekani zenye ngao nyeupe na namba nyeusi ni mali ya serikali kuu, kumbe ni za majimbo, na namba zinagawiwa na umoja wa idara za barabara za majimbo yote. Sasa tarehe 27 Juni 1985 huo umoja ukaamua 66 haina kazi tena, manake zile barabara mpya za Interstate, yaani barabara kuu za kasi zinazounganisha majimbo, zilikuwa zimeshaipita pembeni kipande kwa kipande, mji wa mwisho kupitwa ukiwa Williams, Arizona, Oktoba 1984. Vibao vikang'olewa. Kuanzia hapo kipande hiki kikawa cha jimbo, kile cha kaunti, kingine mtaa wa kawaida wa mjini, kingine kinaenda weee kinaishia kwenye uzio wa ng'ombe wa mtu.

Na hapo ndo balaa lilipo, manake barabara isiyokuwa kwenye ramani mgeni hapiti, mgeni asipopita moteli inafunga, moteli ikifunga sheli nayo inafuata, na watoto wa pale wanahamia kwingine kutafuta maisha.

Kwa nini 66 na sio namba nyingine?

Fitina za wakubwa hizo. Mwaka 1926 wakati wanapanga namba, Cyrus Avery wa Tulsa, Oklahoma, mmoja wa waliokuwa wanapanga namba hizo, aliitaka 60, kwa sababu namba zinazoishia na sifuri zilikuwa za barabara kubwa za kukatiza nchi mashariki kwenda magharibi. Gavana wa Kentucky akaja juu, jimbo langu limerukwa, hatuna hata sifuri moja, ubishi ukawa mrefu mpaka 60 ikaenda kwa Kentucky na wakina Avery wakapewa 62 ambayo hawakuitaka. Tarehe 30 Aprili wakakutana Springfield, Missouri, wakaona 66 haijachukuliwa na mtu, wakapiga telegramu Washington. Novemba 11 mfumo mzima ukapitishwa. Maili 2,448, karibu kilomita 3,940, majimbo manane, na Kansas kaambulia maili 13 tu lakini muulize mtu wa Kansas uone anavyoringa nazo.

Nani aliyeanzisha hii habari ya kuirudisha? Serikali au wananchi? (Morogoro)

Kinyozi! Angel Delgadillo wa Seligman, Arizona, kijimji kidogo kando ya reli, kazaliwa hapohapo mwaka 1927. Tarehe 22 Septemba 1978 Interstate 40 ilifunguliwa nje kidogo ya mji, na magari ambayo yalikuwa yanapita mbele ya saluni yake mchana na usiku yakahamia kule siku hiyohiyo. Wengi wakafunga biashara wakaondoka. Yeye akabaki ananyoa.

Februari 1987 akaitisha kikao pale Seligman, wakaja watu kama 15 hivi, wakaunda chama cha Route 66 cha Arizona na hoja yao ilikuwa moja, jimbo liitangaze hii barabara kuwa ya kihistoria na lirudishe vibao. Angalia ujanja wao, hawakwenda kuomba wajengewe, hawakwenda kudai fidia kwa serikali kuu, waliomba jimbo lao litambue tu kitu ambacho tayari kipo, kitu ambacho hakuna mwanasiasa atakayepata tabu kukikubali kwa sababu gharama yake ni vibao na nguzo. Novemba mwaka huohuo wa 1987 Arizona ikakubali, ikaanza na kipande cha Seligman mpaka Kingman, baadaye wakaongeza. Missouri nayo ikatangaza yake 1990, vyama vikazaliwa jimbo kwa jimbo, na leo majimbo yote manane yana vibao.

Ukifika Seligman leo utakuta lile duka la kinyozi limegeuka duka la zawadi, ila kiti cha kunyolea bado kipo na kuta zimejaa kadi za biashara walizobandika wageni wa dunia nzima. Kaka yake, marehemu Juan, ndo aliyejenga mgahawa wa Snow Cap hapo jirani mwaka 1953, huyo alikuwa mtu wa utani balaa, anakugeuzia chupa ya haradali anaibonyeza, wewe unaruka pembeni nguo isichafuke, kumbe inatoka kamba ya njano.

Kuna tofauti gani kati ya hiyo hadhi ya kihistoria na kuipa tu barabara jina la mtu mashuhuri? (Nairobi)

Swali zuri sana hili na nashukuru umeuliza, kwa sababu Route 66 ilishapewa jina la mtu pia. Mwaka 1952 iliwekewa vibao vya kumuenzi Will Rogers, mchekeshaji maarufu wa Oklahoma aliyekufa kwenye ajali ya ndege Alaska 1935. Vibao vya shaba vikabandikwa, hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Je jina la Will Rogers lilizuia barabara kufutwa miaka 33 baadaye? Wapi.

Jina la heshima linamheshimu mtu, barabara yenyewe halina habari nayo. Hadhi ya kihistoria inaisema barabara, kwamba njia ilipita hapa na hapa, kwa hiyo idara ya barabara ya jimbo inaweka alama za kukuongoza kona kwa kona, na ofisi za utalii zinaichora kwenye ramani. Halafu juu ya hiyo kuna ngazi nyingine na watu wanazichanganya sana. Kuna rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, ile inaandikisha kitu kimojakimoja, daraja hili, moteli ile, kipande hiki cha lami, haiandikishi barabara nzima kwa mkupuo. Kuna mpango wa serikali kuu wa barabara za mandhari ulioanza 1991, na hapo jimbo lenyewe ndo linaomba, na kwa kawaida barabara inatakiwa iwe imeshatambuliwa nyumbani kwake kwanza. Kwa hiyo karatasi ya jimbo ndo mlango, ukiikosa hiyo huko juu unapiga hodi bure.

Ngazi ya juu zaidi waliyoitaka, kuifanya njia ya kihistoria ya taifa zima kwa sheria, muswada wake ulipita Baraza la Wawakilishi 2018 ukakwama Seneti.

Hela je? Manake kibao hakiliwi.

Kweli hakiliwi. Hadhi ya jimbo peke yake haileti hela ya maana na mtu asikudanganye. Hela kidogo ilikuja na sheria ya mwaka 1999 iliyoanzisha mpango wa kuhifadhi Route 66 chini ya idara ya hifadhi za taifa, kikomo dola milioni 10 kwa miaka kumi, na masharti yalikuwa nusu kwa nusu, yaani ukitaka dola elfu ishirini za kufufua taa zako za neoni ulitakiwa kuleta na wewe elfu ishirini zako, na mpango wenyewe ulikwisha 2019. Gawanya hiyo kwa majimbo manane uone inabaki nini.

Na hadhi haizuii kuoza. Missouri kuna daraja la mto Gasconade karibu na Hazelgreen, la miaka ya 1920, chuma kizuri, lipo kwenye barabara hiyohiyo yenye vibao vya kihistoria, na Desemba 2014 idara ya barabara ya jimbo ililifunga kwa sababu limechoka. Vibao vilikuwepo wakati linafungwa! Mimi nasema hivi, kibao kinaleta mgeni, mgeni analeta hela ya chai na chumba, ila daraja linahitaji bajeti na bajeti inahitaji watu wa kusumbua ofisi za watu kila mwaka. Pale Seligman msumbufu alikuwepo.

Naendesha trela Oklahoma, huwa naiona ile barabara pembeni ya I-44 (Interstate 44). Naweza kupita nayo siku moja? (Mtanzania, Tulsa)

Kaka na trela? Usithubutu. Vipande vingine vinapitika vizuri tu kwa sababu ni barabara za jimbo mpaka leo, lakini kati ya Miami (ya hapohapo Oklahoma, sio ile ya Florida) na Afton kuna kipande cha mwaka 1922 chenye upana wa futi 9. Trela lako lina futi 8 na nusu. Nusu futi ndo imebaki ugawane kushoto na kulia, na kuna magari yanakuja mbele. Inasemekana hela zilitosha nusu tu wakaona bora barabara nyembamba ndefu kuliko pana fupi. Wenyeji wanaiita barabara ya utepe. Kachukue gari dogo siku ya mapumziko, nenda taratibu, kokoto zipo nyingi.

Ukipata safari ya St. Louis pia kaangalie daraja la Chain of Rocks juu ya Mississippi, lina kona katikati ya mto, sitanii, unaenda moja kwa moja halafu daraja linakunja. Magari hayapiti tangu 1970, sasa hivi ni la watembea kwa miguu na baiskeli.

Hizi sifa zote, watu weusi nao walikuwa wanaifaidi au ni kumbukumbu za wazungu? (Dar)

Hawakuifaidi kwa usawa hata kidogo. Moteli nyingi zinazopigwa picha leo hazikuwapokea, na kuna miji ilikuwa haitaki kumuona mtu mweusi jua likishazama. Ndo maana walitembea na mwongozo unaoitwa Green Book, ulioanzishwa 1936 na Victor Green, mpeleka barua wa Harlem, New York, wa kuonesha wapi utalala na wapi utakula bila kufukuzwa.

Ila nenda Luther, Oklahoma, kuna kituo cha mafuta cha familia ya Threatt, watu weusi, kwenye ardhi yao wenyewe, kimejengwa na mzee Allen Threatt kwenye miaka ya 1915 kwa mawe yaliyochimbwa kwenye machimbo yao. Kijengo kidogo tu, ukuta wa mawe ya rangi ya kahawia. Kiliandikishwa kwenye rejista ya taifa mwaka 1995, na bado 2021 kikatajwa kati ya maeneo 11 ya kihistoria yaliyo hatarini zaidi Marekani, kwa hiyo rudi kwenye jibu la hela hapo juu. Kwangu mimi kama kuna hela ya miaka 100 ianzie pale, ndo iende kwenye neoni.

Nimeona picha ngao ya 66 imechorwa kwenye lami yenyewe, urembo?

Wizi. Vibao vinang'olewa na watalii wanaenda kutundika sebuleni. Lami haibebeki.

Nikija kumtembelea dada yangu Phoenix nina siku moja tu, niende wapi?

Seligman asubuhi, Kingman mchana, Oatman jioni. Kutoka Seligman mpaka Topock kwenye mto Colorado ni karibu maili 160 za barabara ya zamani mfululizo, hamna kipande kirefu kama hicho kwingine. Baada ya Kingman unapanda mlima wa Sitgreaves, kona za kukaba na pembeni hakuna ukingo, magari ya zaidi ya futi 40 yamekatazwa, kwa hiyo muache shemeji na RV yake, lile gari la kulala ndani, nyumbani. Oatman utakuta punda wanazurura katikati ya mtaa, wa ukoo wa punda wa wachimba dhahabu. Funga vioo vya gari kama una chakula.