Alamu ya wayalesi inalia usiku bila mtu, na sensa ya geti haishiki

Mkuu, umesema una alamu ya laini ya simu yenye sensa nne, nyumba ya vyumba vitatu. Saa nane za usiku inalia na hakuna mtu, na sensa ya geti mara inashika, mara haishiki. Usiirudishe dukani kwanza. Matatizo mengi ya vifaa hivi yanatokana na mahali vilipofungwa.

Sensa ya mwendo haioni mtu, inaona joto linalohama. Ile plastiki nyeupe yenye mistari inagawa chumba vipandevipande, na joto likivuka kutoka kipande hiki kwenda kile, inatuma. Ifunge konani, urefu wa mita 2.1 hadi 2.4, mahali ambapo mwizi atakatiza mbele yake. Anayeijia usoni moja kwa moja inachelewa kumwona. Isitazame dirisha linalopigwa na jua wala mgongo wa friji. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa, miezi ya joto kali chumba kilichofungwa kikifika nyuzi 34, ukuta na ngozi ya mtu vinakaribia kulingana, kwa hiyo umbali wa kuona unapungua sana. Usiitegemee peke yake, milango iwe na sensa zake.

Hiyo ya saa nane usiku, mshukiwa wangu wa kwanza ni wadudu. Fungua kifuniko. Ndani kuna kichuma cha duara chenye kidirisha cheusi, hilo ndilo jicho. Sisimizi mmoja akitembea juu yake, kwa sensa ni tembo kapita sebuleni. Anaingilia tundu la skrubu kule nyuma, kwa hiyo ziba matundu yote kwa silikoni, na jicho ulifute kwa pamba yenye spiriti, usilishike kwa kidole. Kama kuna jampa (kiplastiki kidogo kinachounganisha pini mbili) ya 1 na 2, weka 2, ili isubiri ishara mbili kabla ya kutuma. Tena isikae karibu na taa inayowaka usiku kucha: taa inaleta wadudu, wadudu wanaleta mijusi.

Ukiijaribu, kumbuka sensa za betri zikishatuma hulala dakika kadhaa mpaka chumba kitulie. Usipolijua hili utaitupa sensa nzima.

Geti sasa. Ndani ya sensa ya mlango kuna kijibomba cha kioo chenye ndimi mbili za chuma zinazovutwa na sumaku. Chuma cha geti kinainyonya nguvu ile sumaku, na pia kinaua mawimbi ya sensa ikiwa imebanwa nacho. Kwa hiyo sensa ifunge kwenye nguzo ya tofali, sumaku kwenye geti, na chini ya sumaku weka kipande cha mbao au plastiki cha sentimita 1. Geti likifungwa, nafasi kati yao isizidi sentimita 1. Kaza na komeo, maana geti linalocheza na upepo litakuamsha kila siku.

Sensa zilizo nyingi zinatumia masafa ya 433 MHz, na antena yake sahihi ni waya ulionyooka wa sentimita 17 hivi. Mafundi wengine huukunja ndani ya boksi ili upendeze, halafu mteja analalamika haifiki. Paneli, yaani boksi kuu la alamu, iweke juu, mbali na mabati na nondo.

Laini: itoe PIN kwanza ukiwa kwenye simu, hakikisha eneo lina 2G (mtandao wa zamani wa simu), maana paneli za bei nafuu hazijui kingine, na weka salio. Namba ya kwanza isiwe yenye ujumbe wa sauti. Paneli nyingi zikipokelewa, hata na mashine, zinaacha kupiga namba zinazofuata.

Jambo ambalo wauzaji hawasemi: sensa hizi zinatuma tu, hazipokei. Betri ndogo aina ya 23A ikifa kwenye sensa ya mlango, paneli haijui kitu, inaonyesha kila kitu kiko sawa. Rimoti nayo hutuma kodi (namba ya siri) ileile kila unapobonyeza, na mwenye kifaa cha kunasa anaweza kuirudia na kuizima alamu yako. Kama una mali ya maana humo ndani, tafuta yenye kodi inayobadilika na sensa zinazoripoti hali zake.

Kila mwezi fanya jaribio hili: chomoa umeme, washa alamu, subiri dakika kumi, fungua mlango. Moduli ya simu inapotafuta mtandao huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo, na king'ora kinavuta wakati huohuo. Betri ya ndani ikiwa imechoka, volti inashuka na paneli inajizima na kuwaka upya katikati ya kupiga. Ukisikia king'ora kinakatika halafu simu yako haiiti, badilisha betri hiyo, usiguse sensa.