Anko Wiketi anajibu: kile kinyota pembeni ya namba ni cha nini?

Wiki hii karibu maswali yote ni ya Wahindi na rekodi zao za kriketi, sijui mmeambizana. Naanza na la kijana wa Gerezani maana ndo refu na lina ugomvi ndani yake.

SWALI: Shikamoo Anko. Nauza spea dukani, bosi wangu na mdogo wake ni watu wa kriketi wa kufa mtu, kila mchana wakishakula ubishi unaanza, mmoja Tendulkar mwingine Kohli, afu kuna mzee wa duka la jirani akija anawaambia nyie wote hamjui kitu, mtu ni Dhoni. Wananionyesha simu imejaa mistari ya namba tupu, mi naitikia tu. Mi ni mtu wa Yanga, nifundishe kusoma hizo namba na mimi nichangie. *Kijana wa spea, Gerezani*

JIBU: Marahaba. Kabla hujasoma namba yoyote angalia kwanza mstari wenyewe ni wa mechi gani, maana mchezaji mmoja ana mistari mitatu: Testi zinazochezwa siku tano, ODI za siku moja, ova 50 kila timu (ova ni mipira sita), na T20 za ova 20. Ukizichanganya ni kama mtu anayejumlisha magoli ya ligi kuu na ya ndondo, na ubishi mwingi wa madukani unazaliwa hapo hapo.

Tendulkar kwenye Testi ana mechi 200, mikimbio 15,921 (mkimbio ndo pointi ya kriketi), senchuri 51, yani mara 51 alifikisha mikimbio 100 au zaidi. Kwenye ODI ana mechi 463, mikimbio 18,426, senchuri 49. 51 na 49 unapata senchuri 100, na hiyo ya mia aliipatia Mirpur, Bangladesh, Machi 2012. T20 ya kimataifa kacheza moja tu maisha yake yote, akapata mikimbio 10, kwa hiyo huko usimguse.

Kohli aliaga Testi Mei 2025 akiwa na mechi 123, mikimbio 9,230 na senchuri 30. Mdogo wake bosi akikupeleka kwenye Testi ujue kapotea mwenyewe. Ila kwenye ODI ana hoja nzito: tarehe 15 Novemba 2023, nusu fainali ya Kombe la Dunia na New Zealand pale Wankhede, Mumbai, Kohli alipiga senchuri ya 50 ya ODI akampita Tendulkar, na Tendulkar mwenyewe yupo jukwaani anaangalia, tena ndo mji wake.

Sasa twende kwenye wastani, na hapa ndo utawashika wote watatu. Watu wengi wanadhani wastani ni mikimbio ugawe kwa mara alizoingia kupiga. Siyo. Unagawa kwa mara alizo*tolewa*, yani wapinzani walipomwondoa asiendelee kupiga. Mpigaji akimaliza zamu hajatolewa anawekewa kinyota, 140* mfano, na mikimbio yake inahesabiwa ila ile zamu haiingii kwenye kugawa. Mchukue Dhoni wa yule mzee jirani: ODI 350, aliingia kupiga mara 297, mikimbio 10,773, na mara 84 hakutolewa. Toa 84 unabaki na 213, gawa, wastani 50.57. Ungegawa kwa zote 297 ungepata 36 na kidogo. Unaona tofauti ilivyo kubwa?

Bosi atadaka hapo hapo aseme kumbe Dhoni ni wa kubebwa na vinyota. Mi nakataa. Dhoni alikuwa anaingia chini huko, namba tano, sita, ova zimebaki chache, kazi yake ni kumaliza mechi asitoke, sasa unataka aadhibiwe kwa kufanya alichotumwa? Ila kusema ana wastani 50 na Tendulkar ODI ana 44.83 kwa hiyo Dhoni ni mpigaji mkubwa zaidi, hiyo nayo haiendi, maana Tendulkar miaka mingi alikuwa anafungua, yani wa kwanza kuingia kupiga, mpira mpya, warushaji wana nguvu zao zote.

Na usidhani kila kinyota ni cha kusifiwa. Tarehe 7 Juni 1975, mechi ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia, uwanja wa Lord's, England wamepiga 334. Gavaskar akafungua kwa India, enzi hizo ova ni 60, akabaki ndani mpaka mwisho na 36* kwa mipira 174. Aisee, mipira 174! India wakaishia 132 wakafungwa kwa mikimbio 202. Kwenye rekodi ile 36* inapandisha wastani wake vizuri tu. Ndo maana kuna safu ya straiki reti, mikimbio kwa kila mipira 100, na ya siku ile ni kama 20 hivi. Na huyo huyo Gavaskar ndiye binadamu wa kwanza kufikisha mikimbio 10,000 ya Testi, mwaka 1987, kwa hiyo usije ukamdharau mbele ya bosi ukafukuzwa kazi.

SWALI: Anko kwa warushaji nako wastani ukiwa mkubwa ndo mzuri? Na hii 10/74 ya Kumble inasomwaje? *Wa Tabata*

JIBU: Kwa mrushaji ni kinyume, mdogo ndo mzuri, ni mikimbio aliyoachia kwa kila wiketi, yani kila mpigaji aliyemtoa. Kwa warushaji wa India, Kumble ana wiketi 619 za Testi kwa wastani 29.65, Kapil Dev 434 kwa 29.64, karibu sawa kabisa. Ashwin ana 537 kwa wastani 24, ila wengi wa mtaani watakwambia alineemeka na viwanja vya nyumbani vinavyokata mpira, yani ukidunda unapinda, nao wana ukweli wao kiasi.

10/74 maana yake wiketi zote 10 za zamu moja, ameachia mikimbio 74. Delhi hiyo, Februari 1999, dhidi ya Pakistan. Ilipobaki wiketi moja, Srinath upande wa pili akawa anarusha mbali na mpigaji makusudi asije akamharibia mwenzake.

SWALI: Binti yangu wa darasa la sita kaanza kucheza kriketi shuleni, kila mnachoandika ni wanaume. Hakuna wanawake wa Kihindi wenye rekodi? *Mama wa Upanga*

JIBU: Wapo dada yangu, na kubwa kubwa. Mithali Raj, ODI 232, mikimbio 7,805, wastani 50.68. Mechi yake ya kwanza kabisa ya ODI mwaka 1999 alipiga 114*, ana miaka 16. Ila muonyeshe binti safu ya Testi: ana mechi 12 tu, kwa zaidi ya miaka 20 ya kucheza. Mwaka 2002 pale Taunton alipiga 214 dhidi ya England, kwa hiyo uwezo alikuwa nao, mechi ndo hawakupangiwa. Ukikuta namba ndogo hapo usimlaumu mchezaji. Jhulan Goswami naye, mrushaji wa kasi, wiketi 255 za ODI, aliagia Lord's Septemba 2022. Hao wawili waliondoka bila Kombe la Dunia, wadogo zao ndo wakalibeba Novemba 2025 Navi Mumbai, nahodha Harmanpreet Kaur, wakiifunga Afrika Kusini kwa mikimbio 52.

SWALI: Babu anasema eti watu wa huku kwetu waliwahi kucheza na India Kombe la Dunia. Ni kweli au stori za kahawa? *Mjukuu, Kariakoo*

JIBU: Babu yuko sahihi. 1975 kulikuwa na timu ya East Africa, wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Tarehe 11 Juni, Leeds, wakatolewa wote kwa 120, India wakamaliza kazi bila kupoteza wiketi, Gavaskar 65*, Farokh Engineer 54*. Huo ndo ulikuwa ushindi wa kwanza wa India Kombe la Dunia, kaupatia kwetu!

Ila kilichonimaliza mimi ni mstari wa Bishan Bedi, mrushaji wa India, siku ile: 12-8-6-1. Ova 12, kati ya hizo 8 hakuachia hata mkimbio mmoja, jumla kaachia 6, wiketi 1. Skora, yule anayeandika namba za mechi, akipata ova kavu ya hivyo anaweka nukta sita kwenye daftari afu anaziunganisha ziwe herufi M. Fikiria hao ndugu zetu, mpira baada ya mpira, M nane zimejipanga.

Kisasi Kenya walilipa kidogo, walimfunga India Gwalior 1998 na Port Elizabeth 2001, na 2003 wakafika nusu fainali wakiwa na kocha Sandeep Patil, Mhindi aliyekuwemo kwenye kikosi cha India kilichobeba Kombe la Dunia 1983. Wakatolewa na India hao hao, Durban, Ganguly akapiga 111*.

SWALI: Fupi tu Anko. Kuna staa mkubwa wa India ambaye hajawahi kugusa Kombe la Dunia? *Wa Sinza*

JIBU: VVS Laxman. Testi 134, mikimbio 8,781, na ile 281 ya Kolkata Machi 2001 iliyowageuzia meza Australia. ODI alicheza 86, za Kombe la Dunia sifuri. Kikosi cha 2003 kilipotajwa nafasi akapewa Dinesh Mongia.